Muulize Karani: Leseni Iko Ukutani, Duka Liko Wapi?

Barua za mwezi huu zilinifikia zote katika bahasha moja kutoka kwa mhariri, nikazisoma barazani baada ya alasiri na kikombe cha kahawa kando. Tano zilikuwa zazunguka jambo moja: hizi takwimu za biashara zinazosomwa redioni zatoka wapi, ikiwa karani mwenye begi na kalamu haonekani tena mlangoni? Kwa msomaji mgeni: nilikuwa karani wa takwimu miaka 28, mingi yayo hapa Mvita, Mombasa, kwa miguu. Nimestaafu. Magoti yamezikataa ngazi za nyumba za Mji wa Kale, lakini mdomo ungalipo.

*Shikamoo Bi Karani. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Zamani nililetewa fomu ndefu ya kuuliza mauzo, wafanyakazi, mishahara na stoki. Sasa ni mwaka wa pili hakuna aliyekuja. Jirani aniambia hawaji kwa sababu wanachota kila kitu KRA. Kama ni kweli, je, na kanjo, hao askari wa kaunti, nao watapewa? Maana leseni yangu ni ya bei ya duka dogo, nawe waelewa. — Mwenye hadiwea, Kongowea*

Marahaba, mwanangu. Nakuelewa, na mhariri naye amekuelewa, ndiyo maana jina la duka amelifuta kabla barua haijanifikia.

Jirani yako amesema nusu ya kweli. Kila ofisi ya serikali ina daftari lake. KRA wana la kodi, kaunti wana la leseni, NSSF wana la michango ya wafanyakazi, forodha wana la kila kontena linaloshuka bandarini Kilindini, na wasajili wa makampuni wana lao. Hakuna hata moja lililoandikwa kwa ajili ya takwimu. Yaliandikwa ili mtu alipe, au aruhusiwe, au apate haki yake akizeeka. Ofisi ya takwimu huomba nakala, ikahesabu yaliyomo, ikatoa jumla. Sisi kazini tukiziita kumbukumbu za kiutawala, jina refu la kitu ambacho mamangu angekiita daftari la mwenyewe.

Wala si mambo ya juzi. Hesabu ya bidhaa zinazoingia na kutoka Kenya yatoka kwenye hati za forodha, hizo ambazo vijana wetu wa hapa mjini hujaza usiku na mchana. Hakuna karani anayesimama getini kuhesabu magunia. Na Umoja wa Mataifa ulipoandika misingi ya takwimu rasmi mwaka 1994, msingi wa tano ulisema kwamba takwimu zaweza kutoka kwenye uchunguzi wa mashinani au kwenye kumbukumbu za kiutawala, mradi ofisi itazame ubora, wakati, gharama, na mzigo anaotwikwa mwenye kujibu. Hilo la mwisho ndilo lako. Ile fomu ndefu ilikula alasiri yako nzima, na mauzo uliyojaza humo ulikuwa umeshayapeleka KRA kwenye ritani ya VAT, ile fomu ya kodi ya ongezeko la thamani, kila mwezi kabla ya tarehe 20. Uulizwe mara mbili kwa nini?

Wako waliokwenda mbali kuliko sisi. Denmark mwaka 1981 walifanya sensa ya watu kwa madaftari peke yake, bila kubisha mlango. Uingereza tangu 1994 wana daftari moja la biashara lililojengwa juu ya orodha za VAT na za kodi ya mishahara, na mwishoni mwa 2017 wakaanza kuingiza mauzo ya ritani za VAT katika hesabu ya pato la taifa. Sikutajii haya ili tujione nyuma. Nataka ujue kwamba fomu yako kupotea si uvivu wa makarani.

Sasa hofu yako. Barabara hii ni ya kwenda bila kurudi. Habari zatoka kwa mtoza kodi kuja kwa mhesabu. Hazitoki kwa mhesabu kwenda kwa mtoza kodi, wala kwa kanjo, wala kwa polisi. Sheria ya Takwimu ya 2006, ile iliyoiunda KNBS, ofisi ya takwimu ya taifa, inamkataza mtu wa ofisi kutoa habari za biashara moja moja, na msingi wa sita wa 1994 unasema habari hizo ni siri na ni za takwimu tu. Nasi tulikula kiapo. Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisi fulani hapa mjini, ofisi siitaji, alikuja kwetu siku moja akitaka orodha ya maduka yaliyotuandikia mauzo makubwa. Hakuja mikono mitupu: alileta halua, kilo nzima, ile ya lozi. Mkubwa wangu akamkaribisha, tukaila halua kwa kahawa, tukamshukuru sana, na orodha hakuipata. Alituchukia mpaka akahamishwa.

Tena siri haiishii kwenye jina. Ikiwa katika eneo fulani kuna kiwanda kimoja tu cha aina yake, hata jumla ya eneo hilo haichapishwi, kwa kuwa jumla ya mmoja ni yule yule mmoja. Utaona nukta au kistari kwenye jedwali ukadhani wamesahau. Hawakusahau.

Ama hilo la leseni ya duka dogo, ni baina yako na kaunti. Mimi simo humo. Ila nitakwambia lilivyotusumbua. Leseni hutozwa kwa ukubwa na aina ya biashara, kwa hivyo kwenye daftari la leseni kila mtu ana duka dogo. Ukilisoma ulivyolipata, Mombasa yote ni vibanda, na ilhali lori linashusha simenti mlangoni pako nami nalipita kando nikishika ukuta. Mhesabu mwerevu hulitumia daftari hilo kuuliza biashara iko au haiko, na iko wapi. Ukubwa wake atautafuta kwingine.

Na huko kwingine nako kuna mambo yake. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ile kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3, na ikashusha dari lake kutoka shilingi milioni 50 kwa mwaka hadi milioni 25. Mtu mwenye mauzo ya milioni 30 alilala usiku wa Juni akiwa kwenye orodha moja, akaamka Julai anatakiwa kwenye nyingine. Hakuuza msumari zaidi wala pungufu. Ukichora mchoro wa orodha hiyo ya kwanza utaona wafanyabiashara wamepungua, uanze kuandika habari za uchumi kuanguka, kumbe lililoanguka ni dari. Ndiyo maana mimi huwaambia vijana: kabla ya kusoma tarakimu ya daftari la mtu, soma sheria iliyomfanya aliandike.

*Bi Karani, mimi ni mwanafunzi wa chuo huku Tudor, nafanya atachi, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi moja. Nimepewa orodha mbili za biashara za wadi moja, moja ya leseni na nyingine ya waajiri, niziunganishe ziwe moja. Kompyuta imeoanisha chache mno. Msimamizi asema nizilaze, yaani nizitoe orodhani, zile zisizooana. Nifanyeje? — Atachi aliyechoka*

Usizilaze! Kha. Hizo ulizoambiwa uzilaze ndizo kazi yenyewe.

Kwanza, mwanangu, umeoanisha kwa jina, sivyo? Hapa Mombasa? Mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye leseni, Muhamad kwenye bango lililoandikwa na fundi rangi, na wateja wamjua kama Modi. Kuna Omar na Umar, kuna Swaleh wa w na Saleh asiye nayo. Kisha duka lina jina la mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza wa nusu ya mji huu ni Zainab au Fatma, kwa hivyo una maduka sita ya Fatma katika wadi moja na kompyuta yako imeyaona ni tawi moja. Jina ni la kuitana sokoni. La kuunganishia orodha ni namba.

Tazama kama orodha zote mbili zina pini ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Pini ndiyo msumari. Herufi yake ya kwanza tayari yakusemesha: ikianza kwa A ni ya mtu binafsi, ikianza kwa P ni ya kampuni au kikundi. Sasa fikiri. Mwenye pini ya A aweza kuwa na kinyozi Majengo, duka la nguo Biashara Street na tuktuk mbili barabarani, zote chini ya pini hiyo hiyo moja, na ana leseni mbili au tatu kaunti. Kwa KRA ni mlipaji mmoja. Kwa kaunti ni biashara tatu. Nani amekosea? Hakuna. Kila mmoja amehesabu anachokitoza. Wewe ndiye wa kuamua wahesabu nini: mwenye mali, au mahali panapofanyika kazi. Andika uamuzi wako kwenye ukurasa wa kwanza kabla hujagusa chochote, la sivyo utakuwa ukihesabu embe na wakati mwingine mwembe.

Kwa pini za P jambo ni zito zaidi. Pwani hapa kuna hoteli zenye ofisi kuu Nairobi. Kodi ya mishahara ya wapishi na watandika vitanda wa Shanzu inafailiwa Nairobi, kwa pini moja, katika mkupuo mmoja. Ukilifuata daftari la mishahara kwa anwani ya mwajiri, wapishi hao wako Nairobi, hawajawahi kuona bahari. Njia ya kulitatua ni kuwauliza wenyewe ofisi kuu wakugawie wafanyakazi kwa matawi. Fomu fupi, maswali mawili. Ndiyo, daftari halikuondolei fomu zote, lakufupishia.

Anwani nazo. Orodha yako ya leseni, naapa, imejaa "mkabala na msikiti" na "nyuma ya stejini". Nambari ya kiwanja ikiwepo, shukuru, lakini kiwanja kimoja Mwembe Tayari chaweza kubeba watu wengi kama mtumbwi wa sikukuu. Nakumbuka jengo moja huko. Orodha yangu ilinionyesha leseni tatu: muuza vitambaa, fundi cherehani, na mkahawa. Nikaingia nikamkuta mzee mmoja, kitambaa begani, cherehani mbele yake, birika la chai kando. Leseni tatu, mzee mmoja. Nikatoka nikaingia mlango wa pili, ambako orodha ilisema kuna biashara moja tu, ya vifaa vya simu. Ndani kulikuwa na meza tano: wa kutengeneza simu, wa M-Pesa, wa kupiga chapa, wa kuuza miwani, na kijana wa kuandikia watu barua za kazi. Leseni moja imetundikwa ukutani kwenye fremu, na kila mmoja wao kwa heshima akanionyesha ile ile kuwa ni yake. Nilikaa kwenye kiti cha miwani nikacheka mpaka wakaniletea maji.

La aina ya biashara nalo lina fitina yake, hasa kwa lugha yetu. Kuna karani mwenzangu aliyekutana na leseni ya mtu auzaye vitu mchanganyiko: sabuni, biskuti, mafuta ya taa. Akaandika pembeni "biashara ya jumla", kwa maana ya jumla jumla, kila kitu. Faili likaenda kwa mwingine wa kutia namba. Yule akasoma "jumla" ya kuuza kwa maroboto na makatoni. Kioski cha biskuti kikaingia vitabuni pamoja na mabohari. Kuna mpangilio wa kimataifa wa shughuli za uchumi, ISIC, toleo la nne la 2008 ndilo lililozoeleka. Ukilitumia, tia namba wewe mwenyewe kwa kutazama kinachouzwa. Usitegemee neno lililoandikwa na mtu aliyekuwa akitafuta bei ya leseni.

Kisha wafu. Biashara ikizaliwa kuna karatasi, kwa sababu ina haja ya kufungua mlango. Ikifa nani huandika? Mwenye duka amefilisika, ana mawazo, amerudi Lamu kwa mama yake. Aende foleni kuarifu serikali kwamba ameshindwa? Haendi. Uchunguzi wa biashara ndogo na za kati wa KNBS, wa 2016, ulikadiria biashara milioni 2.2 zilizokuwa zimefungwa katika miaka mitano ya nyuma yake, na karibu nusu ya hizo zilifunga mwaka wao wa kwanza. Fikiri ngapi kati yazo zingali hai kwenye daftari la mtu. Kwa hivyo kwa kila mstari wako tafuta dalili ya uhai katika miezi 12 iliyopita: imefaili ritani isiyo ya sufuri? Imelipia mfanyakazi hata mmoja? Imelipa leseni? Ikiwa na dalili mbili, hai. Moja, iwekee alama. Hakuna hata moja, bado usiifute; iweke kando kwenye safu yake, maana mwenye duka aweza kuwa ameianza upya kwa pini ya mkewe.

Jihadhari na miezi. Siku zetu leseni ilikuwa ya Januari hadi Desemba, na watu walilipa Machi inapokaribia kwisha, wakiwakimbia kanjo. Ukihesabu leseni kwa mwezi utaona biashara za Mombasa huchanua Machi kama mkilifi, kisha hunyauka. Na siku serikali ikitangaza msamaha wa faini, daftari huvimba kwa wiki mbili. Hayo ni mawimbi ya daftari, si ya soko.

Mwisho, mwambie msimamizi wako, kwa adabu, akupe siku tatu na nauli. Chagua mitaa michache ya wadi hiyo kwa bahati nasibu, uchukue orodha yako iliyooanishwa, utembee. Hesabu vilivyomo orodhani na havipo mtaani, na vilivyopo mtaani na havimo orodhani. Hizo namba mbili ndizo thamani ya orodha yako, na hakuna programu itakayokupa ukiwa umekaa. Vaa viatu vya chini. Na orodha yenyewe usiiweke kwenye flashi yako ya miziki; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na hata isingekuwepo, hayo ni majina ya watu.

*Dada Karani, mimi nasuka nywele nyumbani, Kisauni. Sina leseni, sina pini ya biashara, wateja wangu ni wa kuitana kwa simu. Nikisikia "sekta ya biashara imekua" huwa najiuliza, nami nimo? — Msusi*

Dada, barua yako imenikumbusha mamangu, Mungu amrehemu. Aliuza mahamri na mbaazi kwenye baraza la nyumba yetu Bondeni tangu sijaanza shule hadi nimeolewa. Aliamka saa tisa za usiku. Alitusomesha sote kwa hamri. Na kwenye karatasi za serikali hakuwahi kuuza hata moja. Siku nilipoajiriwa kuhesabu biashara, daftari langu la kwanza lilipita mlango wetu bila kusimama, nami ndiye niliyekuwa nimelishika.

Kwenye madaftari humo. Lakini waliopanga ule uchunguzi wa 2016 niliomtajia Atachi walilijua hilo, na nitakwambia walivyofanya kwa sababu ni kazi nzuri. Kwa biashara zenye leseni walikwenda kwenye orodha za kaunti, wakachagua humo. Kwa zisizo na leseni hawakuwa na orodha, basi wakabisha hodi majumbani, wakauliza: humu ndani kuna afanyaye biashara? Walipojumlisha wakapata biashara milioni 7.41 nchi nzima. Zenye leseni milioni 1.56. Zisizo nayo, milioni 5.85. Soma tena pole pole. Ofisi inayotegemea leseni peke yake ingemwona mmoja katika karibu watano, na wewe na mamangu tungekuwa, nyinyi mngekuwa, upande usioonekana.

Hata Uingereza, pamoja na ufundi wao, wale wadogo kabisa wasiofikia kiwango cha VAT na wasio na mfanyakazi wa kulipiwa kodi hawamo kwenye daftari lao la biashara. Hukadiriwa kwa njia nyingine. Tofauti ni kwamba kwao hao ni pembe ya kanga, na kwetu ni mji wa kanga, pale katikati penyewe.

Kwa hivyo akija karani nyumbani kwako, si dukani, nyumbani, na tableti yake, akuulize wafanya kazi gani, usimwambie "nimekaa tu". Nimelisikia hilo mara nyingi sana, mwanamke ana mikono imejaa mafuta ya nywele, na kitini ameketi mteja nusu kichwa kimesukwa, aniambia hafanyi kazi, amekaa tu. Mwambie wasuka. Mwambie kwa wiki wapata vichwa vingapi. Hakutozi. Ukitaka leseni au hutaki, hilo si lake.

*Bi Mkubwa, mimi ni wakala wa forodha. Bandari wakitangaza tani za mwaka, na ofisi ya takwimu wakitangaza bidhaa zilizoingia nchini, namba hazifanani hata kidogo. Nani atudanganya? — Kilindini*

Hakuna, bwana wangu, na wewe wajua jibu kuliko mimi, umechoka tu. Bandari hupima uzito unaopita gatini, kwa sababu hutoza kwa kuhudumia mzigo. Kwao kontena la kwenda Kampala ni kontena. Takwimu za biashara ya nje huhesabu kinachoingia Kenya kikabaki. Mzigo wa transiti, ule unaopita tu kwenda nchi nyingine, na mkubwa wao ni wa Uganda, haumo. Hati yako ile ile, ukiandika transiti yaingia daftari moja, ukiandika matumizi ya ndani yaingia jingine. Ndiyo, kalamu yako ndiyo inayopanga pato la taifa. Usiandike ukiwa na usingizi.

Tena mmoja apima tani, mwingine apima shilingi, na shilingi zenyewe ni mbili. Kinachoingia huhesabiwa kwa thamani yenye bima na nauli ndani, CIF. Kinachotoka huhesabiwa FOB, kama kilivyo kikipakiwa melini. Chai inayopigwa mnada hapa Mombasa kila wiki nayo yawachanganya watu. Mnada huo huuza chai ya Kenya na ya majirani zetu kadhaa. Kilo zilizouzwa mnadani si kilo zilizozalishwa Kenya wala si kilo Kenya iliyouza nje, ingawa gunia lilipita Mombasa na bei ilisomwa Mombasa.

*Bi Karani, duka langu la kanga nililifunga mwaka juzi. Kila mwezi KRA wanitumia ujumbe kuhusu ritani, na kaunti nao kuhusu leseni. Nifanye nini ili niache kuwa mfanyabiashara? — Nimefunga, Kuze*

Pole, mwanangu. KRA omba waondoe majukumu ya biashara kwenye pini yako; pini yenyewe itabaki, ni yako mpaka kufa. Mpaka waondoe, endelea kufaili sufuri, usinyamaze, maana kunyamaza ndiko kunakozaa faini. Kaunti andika barua ya kufunga, peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri urudi nayo nyumbani.

Na lile bango la duka literemshe. Wiki iliyopita nilipita hapo na kapu langu, nikaona "Kanga Mpya Zimefika", nikabisha hodi hadi jirani akanifungulia yeye.